Ukuta Ulioombewa

Ukitoka stesheni ya treni ya Wheaton, nje kidogo ya Washington, ukapandishwa na ile ngazi ya umeme ambayo mtu anaweza kuota ndevu kabla hajafika juu, pinda kulia, pita duka la mihogo na samaki wakavu, utakuta duka la kufulia nguo, na nje yake benchi moja la mbao. Usilidharau. Benchi hilo limetoa maamuzi mengi kuliko bunge la Marekani, na hakuna hata moja lililotekelezwa. Kila Jumamosi mchana, nguo zikizunguka kwenye mashine kule ndani, wanaume wanne hukaa hapo kungoja zikauke. Kahawa inatoka kwenye chupa ya Tito, Mtanzania anayeendesha basi la hoteli, anayeitwa Balozi kwa sababu hajawahi kusema neno baya juu ya mtu aliyepo. Kahawa yake ina tangawizi, haina maziwa wala huruma. Imimine kwenye betri ya gari iliyokufa, gari litawaka na kujiendesha mpaka Fairfax. Kijiwe kama hicho hakuna pande zote hizi, na anayebisha alete cha kwao kilinganishwe.

Jumamosi hiyo Elkanah alifika bila nguo za kufua, na hilo peke yake lilitosha kutia watu wasiwasi. Elkanah ni Mkenya wa milimani, mwili kama kabati la milango mitatu. Miaka nenda rudi alikuwa akitunza wazee wasiojiweza, akiwainua kitandani kama anainua mito. Sasa ameacha. Amejiajiri. Ni mkaguzi wa nyumba: mtu akitaka kununua, humwita Elkanah aingie kwanza, apande darini, ashuke besmenti, kile chumba cha chini ya ardhi, achungulie mabomba na nyaya, halafu aseme nyumba inaumwa wapi. Leseni ya Maryland anayo, na tochi anayo pia, imening'inia kiunoni siku zote, hata kanisani, hata kwenye harusi ya shemeji yake. Ndiyo maana kijiweni anaitwa Tochi.

Alikaa. Benchi likalia. Akapokea kikombe, akakiweka chini bila kuonja. Tangu dunia iumbwe hakuna mtu aliyewahi kuweka chini kahawa ya Tito bila kuionja.

— Kulikoni, kaka? Tito akauliza. Umekaa kama mtu aliyeona gari lake linaburutwa.

— Nimetoka kukagua, Elkanah akasema.

— Ile ya kwanza?

Aliyeruka hivyo alikuwa Ochieng, Mkenya mwingine, dereva wa teksi za kuitwa kwa simu. Jina lake la kijiweni ni Wakili. Aliwahi kuitwa mahakamani siku moja kutoa ushahidi wa kioo cha gari kilichovunjwa, na tangu siku hiyo hajashuka kizimbani.

— Buda, si ungetupigia! Manze, mnaona? Huyu jamaa ni boss sasa. Boss wa nani? Boss wa yeye mwenyewe!

— Bwana asifiwe! akasema wa nne, Venuste, Mkongo wa Uvira, mtu mwembamba mwenye tai hata siku ya kufua. Kanisani kwao yeye ndiye anayepokea watu mlangoni na kuwapangia viti; kazi hiyo Wakongo wanaiita protokole, na kijiweni jina likamganda, kama lilivyomganda lile "njo" lake la kusema ndiye au ndio. — Njo Protokole anakuambia leo, Papa Tochi: hii kazi ni ya heshima. Unaingia mu nyumba ya mtu na viatu, na hakuna mwenye anakufukuza.

Elkanah akatikisa kichwa. Hakuna aliyemwona. Watu walikuwa wameshaingia kwenye wimbo wao, kwa sababu, ukweli usemwe, benchi hilo ndilo lililomtoa Elkanah kazini. Walimshindilia maneno Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka akaandika barua ya kuacha kazi.

— Mimi nilimwambia, Ochieng akasema. Nilisema nini? Kujiajiri hakuna mtu wa kukuamsha. Ukilala, boss amelala. Ukiamka, boss ameamka. Ukichelewa, boss amechelewa na wewe, mnasameheana.

— Na msiba, Tito akaongeza. Msiba jamani! Mtu akifa, unavaa, unakwenda. Huombi ruhusa kwa kijana anayekuuliza marehemu ni ndugu yako wa namna gani. Mimi nimeshazika watu kwa simu mpaka nimechoka.

— Hakuna mzee wa kukutemea uji.

— Hakuna unifomu.

— Alafu skiza hii, Ochieng akasema, akainama mbele kama anatoa siri ya serikali. Nyumba zinazeeka zenyewe. Wewe umelala, nyumba zinaharibika kwa ajili yako. Hata sa hii tukiongea, kuna bomba mahali huko Silver Spring linavuja kwa jina la Tochi. Hiyo ndiyo kazi! Hata ukienda likizo, kazi inaendelea kuharibika.

Wakacheka. Tito akacheka mpaka akamwaga. Elkanah aliangalia simu yake, aliyoiweka benchini kifudifudi. Ilikuwa inatetemeka, inasogea yenyewe kuelekea ukingoni kama kitu kinachotaka kujitupa. Dalali wa nyumba tena. Hakuipokea.

— Ni nyumba ya Mama Anitha, akasema.

Venuste akasimama wima.

— Haleluya! Ile nyumba tulishaiombea!

— Najua mliiombea, Protokole. Nilikuwepo.

— Mbele ya kanisa zima!

— Nilikuwepo, papa.

Na kweli alikuwepo, tena mbele kabisa. Mama Anitha, jina lake Genoveva, ni mama wa Uvira anayehudumia wagonjwa sehemu mbili, na katika kanisa lao lote hakuna mtu aliyewahi kununua nyumba. Alipokubaliwa bei ya hiyo ya Wheaton, alitoa ushuhuda watu wakalia mpaka viti vikalowa. Pasta akamwita mbele apakwe mafuta. Halafu, kwa kuwa Elkanah, anayesali kanisa hilohilo, naye alikuwa anaanza kazi mpya ya kukagua nyumba, pasta akamwita naye. Chupa moja, mkono mmoja, maombi mamoja: nyumba ya mama na kazi ya Elkanah. Jumapili hiyohiyo kwaya nzima ilipanda magari ikaenda kuimba uani mwa nyumba, mwenye nyumba akichungulia dirishani hajui kama avae viatu au apige simu. Dalali akawafungulia. Venuste akazunguka na chupa chumba kwa chumba mpaka besmenti.

Wazungu hukagua kwanza, wakishanunua ndipo wanafurahi. Hawa walikuwa wamefurahi tayari.

— Sasa? Tito akauliza polepole. Nyumba ina nini?

— Ukuta.

— Kila nyumba ina ukuta, kaka.

— Huu una tumbo.

Elkanah akaweka mikono mbele yake, viganja vimesimama, halafu akavikunja kidogo katikati. Hata mikono yake haikupenda kuonyesha. Asubuhi ile alikuwa ameshuka besmenti akipiga mluzi, mkaguzi kamili, kazi yake ya kwanza. Upande wa nyuma chumba kina mlango wa kutokea uani. Upande wa mbele ukuta wote umefukiwa na udongo kwa nje, na huo ndio ulikuwa umepakwa rangi nyeupe, mpya, unang'aa kama meno ya mgombea ubunge. Rangi mpya sehemu moja tu ya nyumba nzima. Akaegesha pima maji yake ukutani isimame wima. Kile kipovu cha ndani kikakimbia pembeni kama kimeona nyoka. Akawasha tochi, akaimulika kwa ubavu, ndipo akauona ufa chini ya rangi, umelala kutoka kona hii hadi kona ile, na matofali ya katikati yametokeza ndani kama mtu aliyeshiba ugali. Akatoka nje. Maji yote ya paa yanashuka hapohapo, yanaingia ardhini, udongo unalowa, unavimba, unasukuma. Kila mvua unasukuma.

— Utaanguka? Tito akauliza.

— Si leo.

— Ah! Basi! Ochieng akajipiga paja. Mashtaka yamefutwa!

— Wakili, sijui ni lini. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa mvua ya wiki ijayo. Lakini hiyo ukuta inakuja ndani. Nimeisoma hiyo, nimeijibu kwa mtihani. Kwa mtihani ilikuwa rahisi.

— Na mama mwenyewe umemwambia?

Simu ikatetemeka tena. Wote wakaitazama.

— Yuko kazini. Na leo jioni ndiyo mwisho, Elkanah akasema. Akisema hapana leo, anatoka salama, hakuna mtu anamdai. Leo ikipita, nyumba ni yake na hiyo ukuta ni yake. Dalali anataka neno langu. Ananipigia tangu asubuhi. Nyumbani siwezi kwenda, Jeptoo ataniuliza kabla sijavua viatu. Mnamjua mke wangu. Ndiyo nikaja hapa.

Kijiwe hicho hakijawahi kukosa ushauri.

— Sasa sikiliza, mwanangu, Tito akasema, akijaza vikombe vya wengine. Hapa ni lugha tu. Usiseme ukuta umevimba. Neno baya hilo. Sema ukuta umesogea karibu.

— Karibu na nini?

— Na wenyeji. Ukuta una upendo.

— Balozi, nitaandika kwa ripoti ati ukuta una upendo?

— Andika una tabia ya kukaribisha. Mimi nimeona hotelini: chumba kinanuka, tunasema kina historia. Mgeni anafurahi.

— Wacha hiyo, Ochieng akasema. Mimi nakupa ya kisayansi. Hiyo si kosa ya nyumba. Nyumba zote za Wheaton zimeinama. Zote! Kwa nini? Washington. Pesa za dunia nzima zimekaa pale, dhahabu, mizinga, masanamu ya mawe. Ule uzito unavuta ardhi yote huku kwetu. Enda uweke mpira kwa sakafu yako, utaona unaenda upande wa Washington. Mimi nimejaribu na chungwa.

— Washington iko kusini, Elkanah akasema. Hiyo ukuta imeinama kaskazini.

Ochieng akafikiri kidogo tu.

— Basi ni Baltimore inavuta. Wamezidiwa huko, wanavuta na wao.

— Nyinyi munacheza, Venuste akasema. Alikuwa bado amesimama, ameshika tai yake. — Mimi niko nasema ya kiroho. Ule ukuta, kabla ya maombi, nani aliuona na tumbo? Hakuna. Tuliimba, nikapaka mafuta, na sasa banasema umeinama. Umeinama juu ya nini? Juu ya kuombewa! Ukuta umepiga magoti! Hata kuta za Yeriko, watu baliimba, na...

— Za Yeriko zilianguka, papa, Tito akasema kwa upole.

Venuste akaiachia tai yake. Akakaa.

— Tuombe ya kinyume, akasema baadaye, kwa sauti ndogo.

— Ama tusukume, Ochieng akasema. Niskizeni. Udongo unasukuma kutoka nje, si ndio? Na sisi tusukume kutoka ndani. Unaweka friza mbili kubwa pale, zijazwe samaki. Juu ya friza unaweka kabati. Kwa kabati unaegemeza Tochi mwenyewe, huyu ni mzito kuliko ukuta. Ikizidi, kwaya inafanyia mazoezi huko chini, wale wa besi wote wanaegemea hiyo upande.

— Besi tuko nao wengi, Venuste akasema, na alikuwa hatanii.

— Umeona! Na hapo kuna biashara ingine ya kujiajiri. Wasukuma kuta! Maryland nzima hakuna. Tunaingia kwa zamu, tunavaa fulana zina jina. Kuta za Marekani zote zinatungoja...

— Wacheni!

Elkanah hakuwahi kupiga kelele kijiweni. Sauti ile ilitoka kifuani kama jokofu linaporomoka ngazini. Njiwa wa maegesho yote wakaruka, na mama aliyekuwa akipakia mihogo kwenye gari kule mbali akageuka kuona nani ameumia.

— Nyinyi ndio mliniambia kujiajiri hakuna boss. Si ni nyinyi? Boss ni wewe mwenyewe, mkasema. Kule kwa wazee nilikuwa na boss mmoja tu, kile kisichana cha asubuhi, na nikikosea ananikemea inaisha. Sasa niko na wangapi? Mama Anitha ni boss. Dalali ni boss, nikimharibia hii hataniita tena na ataambia wenzake kuna Mwafrika anaua nyumba za watu. Pasta ni boss. Kwaya yote ni boss, mpaka wale hawajui kuimba. Sabine wa pale kanisani na bwana yake Gad wanatafuta nyumba, wameniambia nitawakagulia, nao ni boss tayari. Wakiskia Tochi alipakwa mafuta pamoja na nyumba, na kitu ya kwanza amefanya ni kuiangusha, nani ataniita? Nikisema, sina kazi. Nikinyamaza...

Alikuwa ameona tena ule ukuta mweupe, na kwa sababu ambayo hakuitaka, alikuwa anausikia: sauti ndogo ya mchanga ukidondoka nyuma ya rangi.

— Papa Tochi, Venuste akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. — Weye ukisema ile nyumba iko mbaya, unasema Mungu alimupa Mama Anitha kitu mbaya?

— Nasema ukuta, Protokole. Sijasema Mungu.

— Watu hawatasikia ukuta. Na mimi? Mimi njo nilibeba chupa. Mimi njo nilipaka mule mu besmenti, mikono yangu hii, nikasema imara, imara, imara. Mafuta ilibaki kidogo, nikamwagia palepale yote. Banitazame vipi?

— Ulipopaka, hukuona imevimba?

Venuste akatazama viatu vyake.

— Nilifunga macho, akasema. Nilikuwa naomba.

Ndipo Tito akakohoa, kile kikohozi cha mabalozi kinachomaanisha nyamazeni, anakuja. Genoveva alikuwa anavuka maegesho kutoka kituo cha basi, amevaa nguo zake za kazi za zambarau, kitambulisho kinarukaruka kifuani, anatembea kwa ile haraka ya watu waliosimama kutwa ambao wakikaa tu hawainuki tena. Alikuwa anatabasamu tangu mbali. Elkanah aliona tabasamu hilo likija na akatamani kazi yake ya zamani kwa moyo wake wote, na uji wake wa kutemewa.

— Mama Anitha! Ochieng akasema. Tulikuwa tunakusema vizuri.

— Nasikia mutu akilia mpaka barabarani, Genoveva akasema. Njo kunisema vizuri vile? Jambo, Papa Venuste. Balozi, jambo. Papa Elkanah, weye njo nakutafuta. Dalali amenipigia, anasema hujibu simu. Nikamwambia mwache, labda iko nasali.

Wakacheka wote kwa pamoja, kicheko kirefu kuliko utani wenyewe, na kikakatika kwa pamoja. Tito akainamisha chupa akammiminia kikombe. Kikajaa nusu na chupa ikaisha. Akampa kwa mikono miwili.

— Hapana, sikuje kwa ile ya kukagua, Genoveva akasema. Ile ni yenu na dalali, mimi nimeshajua nyumba yangu. Nimekuja juu ya kitu kadogo. Leo asubuhi wameniita: karatasi za mama zimepita. Mama yangu anakuja! Baada ya kungoja kote kule! Nimelia mu choo cha kazi mpaka wagonjwa wakauliza nani amekufa.

— Mungu ni mwema, Tito akasema, na safari hii haikuwa lugha ya hoteli.

— Sasa magoti ya mama imekwisha, hawezi ngazi. Nikasema atalala chini, mu besmenti, kule kwenye mlango wa nje, aote jua anapotaka. Nimepata kitanda kizuri hapa kwa mtu, ananingojea nimwambie. Lakini ni kirefu. Upande mmoja iko mlango, upande mwingine choo na ule mtambo wa maji moto. Alafu mama hapendi kulala katikati, anataka kichwa iguse ukuta, njo anapata usingizi. Papa Elkanah, weye umeingia mule na kupima yote. Nauliza tu: kichwa cha mama kielekee ukuta gani? Ule mweupe, si ndiyo?

Tito alifungua mdomo. Kila mtu aliona anafungua mdomo. Mtu huyo aliwahi kumweleza mgeni wa hoteli kwamba panya ni wa jirani, akaeleweka. Akasema, "Kwa upande mmoja," kisha akaufunga.

Ochieng aligeuka akatazama mbali, barabarani, kana kwamba ameitwa.

— Mama Anitha, Venuste akasema. Ule mweupe... Akaishika tai kwa mikono yote miwili. — Ule mweupe mimi nilipaka mafuta mwenyewe...

Genoveva aliwatazama. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni lakini hakuna mtu aliyekuwa akilishika. Elkanah alitazama mikono yake. Mikono hiyo ilikuwa imewalaza akina mama wa watu wangapi, hajui. Huanza kwa kichwa, huweka mkono chini ya shingo, na haondoi mkono mpaka mto umekaa. Hakuwahi kufikiri kazi hiyo na hii zinajuana.

— Si ule, akasema.

— Basi ule wa choo?

— Si wowote, mama. Usimlaze mama mle. Hata wewe usilale mle.

Sasa maneno yaliyomgomea tangu asubuhi yalikuja yenyewe, mepesi, bila lugha ya Balozi. Akamweleza maji ya paa, udongo unavyolowa, unavyosukuma. Akakunja viganja vyake kama alivyowaonyesha wenzake, ila mara hii havikusita. Akamwambia ufa uko chini ya rangi, unaanzia kona hii unaishia kona ile.

— Rangi njo ilifunika?

— Ndiyo.

— Na mukaniimbia juu yake.

Genoveva akaweka kikombe kwenye benchi. Akatoa simu, akatembea mpaka kwenye mti mmoja mwembamba wa maegesho, akawapa mgongo. Hawakusikia neno. Waliona mgongo tu. Uliinuka, ukakaa juu muda mrefu, na Elkanah akawa anaiwasha na kuizima tochi yake. Kama anamwambia dalali ndiyo? Kama anasema watu wangu ni waoga, nitanunua? Kama anasema yule mkaguzi hajui kazi, nitafutie mwingine? Halafu mgongo ule ukashuka wote kwa mara moja, kama mzigo umetuliwa, au umebebwa, kwa mbali huwezi kujua.

Akarudi.

— Nimesema hapana.

Akamsukuma Venuste kwa kiwiko, Venuste akasogea, na mama akakaa katikati yake na Elkanah. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. Akachukua kikombe chake, akanywa chote mara moja, kahawa ile ambayo wanaume wazima huinywa kwa kuomba radhi tumboni.

— Mama Anitha, Elkanah akaanza, mimi...

— Ngoja, papa. Sijakasirika na weye. Nitakasirika kesho kutwa, leo sina nguvu. Akafuta mdomo kwa mkono wa nguo yake ya kazi. — Lakini kesho ni Jumapili. Pasta ameniweka niimbe na kwaya wimbo wa shukrani, ya nyumba na ya Papa Elkanah, sote wawili mbele. Sabine ameshapika. Bameshona kitambaa kimoja, wote, mpaka wale wa besi.

Akawageukia.

— Sasa kati yenu nani atasimama kuambia kanisa?

Balozi akaitikisa chupa tupu karibu na sikio. Wakili akakumbuka nguo zake, akageuka kuchungulia mashine kule ndani. Protokole, aliyempa kila mtu kiti katika kanisa lile, alikaa kama mtu ambaye hajui atakaa wapi. Elkanah alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na Mama Anitha akaendelea kungoja, kikombe kitupu mkononi, akiwatazama mmoja mmoja kutoka kushoto kwenda kulia.